Pakiti moja ya kahawa, alama 8 na alama 4

Pakiti ilikuwa moja. Kahawa ilikaangwa siku moja na mkono mmoja, kwenye pipa moja la chuma nyuma ya nyumba moja hapa Moshi. Sisi wa Moshi tukaipa alama 8 kati ya 10. Dada mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anajiunga nasi, akaionja nyumbani kwake Maji ya Chai, upande wa Arusha, akaipa 4. Kisa hiki nakiandika mimi kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwangu, na mimi ndiye niliyeandika pembeni ya alama yake kwa wino mwekundu: "Mgeni. Isihesabiwe."

Tuko watu 11, na hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kuonja. Kuna mwalimu mstaafu, fundi umeme, muuguzi, kijana wa bodaboda, na wengine wa kazi za ofisini. Wapo wa Moshi na wapo wa Arusha. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi tunaonja kahawa ya aina moja: wa Moshi kwenye mgahawa mdogo karibu na stendi, wa Arusha kwa mwenzetu mmoja Njiro. Kila mtu anaandika uhakiki wake kwenye kaunta buku: harufu ya unga mkavu, ladha, uzito mdomoni, kinachobaki baada ya kumeza, na mwisho alama. Baadaye mimi hupiga wastani, naandika maneno mawili matatu kwenye karatasi, naibandika ukutani pale mgahawani. Nakala nyingine inapanda Hiace kwenda Arusha, kilometa kama 80. Huo ndio uhakiki wetu, na watu wanausoma kuliko tulivyodhani.

Namna ya kuonja tumeiiga kwa waonjaji wa kazi, wale wanaoonja kahawa ya mnada. Wao hupima gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji. Vikombe vyetu ni vikubwa kidogo kwa hiyo tunapima 11 kwa 200, uwiano uleule. Maji yakichemka tunayaacha yashuke hadi kama nyuzi 93, tunamimina, tunasubiri dakika 4, tunavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, kisha tunaengua mabaki. Kikipoa cha kutosha, unavuta kijiko kwa kelele kama mtoto anayekunywa uji wa moto. Anayeona haya kuvuta kwa kelele hawezi kukaa kwenye kundi letu.

Mgeni tulikuwa tunampokea hivi. Anachanga 10,000 ya mwezi kama wengine. Vikao viwili vya kwanza anaonja na kuandika kwa penseli, alama zake hazihesabiwi. Cha tatu anaandika kwa wino. Hatukumwuliza mengi: jina, anakaa wapi, anakunywa kahawa na sukari au bila. Tulijiona tuna utaratibu.

Yule dada alikuja kupitia rafiki yake wa Njiro. Vikao viwili vya penseli vilikwenda vizuri. Alama zake hazikupishana na za wenzake wa Arusha kwa zaidi ya 1. Kikao cha tatu kikagongana na msiba wa jirani yake. Akaomba apewe fungu lake aonje nyumbani siku ileile jioni, tukamkubalia, maana kanuni haikukataza. Kesho yake ikaja ile 4.

Na haya ndiyo maneno yake, nayanakili kutoka kwenye kaunta buku: "Kahawa hii tulipewa bure na mkaangaji. Unga mkavu unanukia vizuri sana, kama maua na ganda la chungwa. Mdomoni harufu hiyo haipo. Imepooza, kama juisi ya ukwaju iliyotiwa magadi. Ikipoa inabaki ladha ya chaki. 4."

Naomba msomaji ayarudie maneno hayo kabla hajaendelea. Sisi hatukuyarudia. Tuliona 4 na macho yakaishia hapo.

Shutuma

Wa kwanza kusema alikuwa Mwalimu. Huyu mzee anaheshimika, na si bure. Hapa Kilimanjaro kahawa ilipandwa kwenye misheni ya Kilema tangu 1898, chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikaundwa 1933, na babake Mwalimu alikuwa akipeleka kahawa yake ya maganda kwenye ushirika huo tangu siku ambazo kituo cha utafiti cha Lyamungu kilikuwa kipya. Mji huu una mnada wa kahawa. Mtu aliyekulia hapa anaamini ulimi wake umerithishwa, kama shamba la kihamba.

"Ulimi wa huyu binti bado mchanga," alisema.

Nikamwambia, mbona vikao viwili vya kwanza alilingana na wenzake?

"Alikuwa anachungulia daftari."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Mtu aliyelingana na wenzake mara mbili, kisha akaachana nao mara moja tu, siku aliyoonja mahali pengine, ametuachia dalili ya wazi kabisa: kitu kimebadilika kati ya mahali na mahali. Lakini maelezo ya Mwalimu yalikuwa rahisi, na Mwalimu ni Mwalimu. Nikachukua kalamu nyekundu.

Shutuma ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kijana mmoja wa kundi, simtaji hata kwa kazi yake, akasema huenda dada katumwa na mkaangaji mwingine amharibie soko mama aliyetukaangia kahawa hii. Hakuwa na ushahidi wowote. Neno la namna hiyo likishasemwa halihitaji ushahidi, linatembea lenyewe. Wiki haikuisha likafika Arusha, na dada akaacha kujibu simu zangu.

Kinachonitia aibu mpaka leo ni kwamba katika uhakiki wote wa mwezi ule, ni mmoja tu uliosema wazi kwamba kahawa tulipewa bure. Ulikuwa wake. Sisi tuliotoa 8 tulipokea nusu kilo bila kutoa hata senti, tukanywa tukiwa tunacheka na mama mwenyewe mgahawani, halafu hatukuandika. Kisha tukamtuhumu aliyeandika.

Mama mkaangaji

Alama 4 haikuingia kwenye wastani, ila nakala ya Njiro ilikuwa imekwishaandikwa kabla sijachukua kalamu nyekundu, na maneno ya dada yalikuwemo. Hoteli moja ya watalii upande wa Usa River ilikuwa kwenye mazungumzo na mama ya kununua kahawa kila mwezi. Mtu wa jikoni pale akaisoma nakala hiyo. Mazungumzo yakasimama.

Mama alinikuta mgahawani asubuhi. Hakupandisha sauti. Alikaa, akaagiza chai, si kahawa, akaniambia: "Mwanangu, ninyi mnacheza. Mimi nakula hapo."

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tunajiita waonjaji wa kujifurahisha, na ni kweli, lakini furaha ni ya kwetu. Upande wa pili wa alama kuna mtu ana pipa, kuni, mfanyakazi mmoja na ada za watoto. Nikamwahidi tutarudia uonjaji, kwa siri safari hii, vikombe bila majina. Akasema, "Rudieni. Ila na yule binti awepo. Nataka anionyeshe hiyo chaki."

Ilibidi nipande Hiace mpaka Maji ya Chai kumwomba dada msamaha na kumwita. Nilifika saa nane mchana, njaa inauma. Akanikaribisha makande. Maharage yamelainika kama mkate uliolowekwa, mahindi hivyo hivyo.

"Umeweka magadi?" nikauliza, kwa mazungumzo tu.

"Hapa hatuweki, kaka. Maji ya kisima chetu yanaivisha yenyewe. Chai nayo ukiweka majani kidogo inakuwa nyeusi tii."

Nikala. Nikasifia. Sikushtuka. Akili ikaja kushtuka kwenye Hiace, tumeshapita Kikatiti: magadi. Aliandika magadi.

Tulichokiondoa kwanza

Isionekane kwamba nilipata jibu kwenye Hiace na kisa kikaisha. Kundi lina fundi umeme, na fundi hakubali jambo mpaka alipime. Aliponisikia akasema maji ni dhana moja tu kati ya nyingi, tuziondoe moja moja.

Yeye mwenyewe alikuwa na dhana ya mwinuko. Maji huchemka kwenye joto la chini kadiri unavyopanda, takriban nyuzi 1 kwa kila meta 300. Moshi mjini iko kwenye meta 800 na kitu, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97. Arusha mjini ni kama meta 1,400, huko ni nyuzi 95 hivi. Maji ya Chai iko katikati ya hizo mbili. Dhana nzuri, lakini sisi tunamimina kwenye nyuzi 93, na nyuzi 93 zinapatikana kote huko. Zaidi ya hapo, wenzetu wa Njiro walioko juu zaidi waliipa kahawa ileile 7 na 8. Fundi akaifuta dhana yake mwenyewe, jambo ambalo sijamwona Mwalimu akilifanya.

Ya kuchakaa kwa kahawa ilikufa haraka. Dada alibakiza gramu 40 kwenye mfuko wake uliofungwa. Alipokuja Moshi nazo tukazionja, zikawa sawa na zetu. Mashine yake ya mkono ya kusagia alikuja nayo pia, tukasagia humo kahawa yetu, hakuna tofauti ya kutaja.

Ya ulimi mchanga ilikufa siku hiyohiyo, nitaeleza.

Halafu kuna swali ambalo nilimpigia mwenzetu wa Njiro: ninyi Arusha mnaonjea maji gani? Akajibu kama vile nimemwuliza jua linatoka wapi. "Ya dukani, ya lile dumu kubwa. Nani anaonjea ya bomba?" Miaka yote hiyo wa Arusha walikuwa wakinunua maji, wa Moshi tukitumia ya bomba letu linaloletwa na chemchemi za Kilimanjaro, na hakuna aliyewahi kuliandika hilo popote. Ni mgeni peke yake aliyechota kisimani, kwa sababu hakuna aliyemwambia asichote.

Jumamosi ya vikombe visivyo na majina

Alikuja na dumu la lita 5 kutoka kisimani kwao. Waonjaji walikuwa watano: Mwalimu, fundi, muuguzi, mwenzetu mmoja aliyeshuka kutoka Njiro, na dada mwenyewe. Mimi nikawa mpishi wa maji, kwa hiyo sikuonja. Mama mkaangaji alikaa kiti cha pembeni, mikono kifuani.

Jaribio la kwanza lilikuwa la vikombe vitatu kwa kila mtu. Viwili vina maji ya aina moja, kimoja cha aina nyingine, na kazi yako ni kukitaja kilicho peke yake. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba mtu akibahatisha ana nafasi 1 kati ya 3. Wawili wakipatia wote kwa kubahatisha tu, ni 1 kati ya 9. Watano wote, ni 1 kati ya 243. Fundi aliwaeleza hayo kabla hatujaanza, ili baadaye asitokee mtu wa kusema ni bahati.

Walipatia wote watano. Mwalimu alipatia wa kwanza kuliko wote, hata kijiko cha pili hakukihitaji.

Jaribio la pili lilikuwa la alama. Kila mmoja akapewa vikombe vitatu vyenye namba chini ya kitako. Kahawa ni ya mama, ileile, imesagwa palepale. Kikombe kimoja ni maji ya bomba la Moshi. Kingine ni ya kisima cha dada. Cha tatu kilikuwa siri yangu na fundi: maji ya bomba la Moshi niliyotia maji ya magadi kidogo, magadi ya sokoni ya kawaida, niliyoyayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa usiku wa kuamkia siku ile.

Maji ya Moshi yalipata 7, 7, 8, 6 na 7. Ya kisima yalipata 3, 4, 4, 5 na 4. Ya Moshi yenye magadi yalipata 4, 3, 4, 5 na 4.

Wastani wa kwanza ni 7, na hizo mbili za mwisho ni 4 kamili kila moja. Dada aliipa kahawa ya maji ya Moshi 7, sawa na Mwalimu. Kwa kikombe cha kisima, Mwalimu, bila kujua anaonja nini, aliandika: "Imekufa. Haina uchachu." Alama yake ilikuwa 3. Ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote za kikombe hicho.

Nilipofunua namba, palikuwa kimya kidogo. Kisha mama akasema kutoka pembeni, "Kumbe chaki ipo."

Kwa nini maji yanafanya hivyo

Kahawa iliyooshwa ya Kilimanjaro, yaani ile inayomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa, inasifika kwa uchachu. Ni uchachu wa tunda, kama wa chungwa au pesheni. Si ule wa kitu kilichochacha. Uchachu huo unatokana na asidi mbalimbali zilizomo ndani ya buni. Ukiziondoa asidi hizo, kinachobaki ni uchungu na uzito, basi.

Magadi kazi yake ni kuzima asidi. Kila aliyewahi kudondosha magadi kwenye ukwaju ameona povu na ameonja matokeo. Kwa kemia, magadi ni kabonati na baikabonati ya sodiamu, na ndiyo yanayofanya maharage yalainike na chai iwe nyeusi. Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yamebeba baikabonati ya sodiamu ndani yake tayari. Hayana rangi, hayana harufu, na sabuni inatoa povu vizuri tu. Wewe unadhani ni maji matupu, kumbe kahawa inakutana na magadi kabla haijafika mdomoni.

Kwa miaka mingi chama cha kimataifa cha kahawa maalumu kilipendekeza maji ya kuonjea yawe na uwezo mdogo tu wa kuzima asidi, kama miligramu 40 kwa lita ukihesabu kwa kipimo cha kalsiamu kabonati. Fundi, ambaye hufanya kazi kwenye hoteli, alileta vile vijiti vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea. Cha Moshi kilikaa kwenye rangi za mwanzo. Cha kisima kilipita kisanduku cha mwisho cha rangi kwenye kopo. Si kipimo cha maabara, ila kwa ugomvi wetu kilitosha.

Maji hayohayo ya upande wa Meru yana jambo jingine linalojulikana zaidi, nalo ni floraidi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke floraidi inazidi kukolea. Nyumbani kwa dada watoto wananunuliwa maji ya kunywa, kisima ni cha kupikia na kufulia. Kuna kituo cha utafiti pale Ngurdoto kinachoshughulika na kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Lakini msomaji asichanganye: floraidi siyo iliyoua kahawa ya mama. Iliyoua ni baikabonati. Vinasafiri pamoja kwenye maji yale, basi watu hudhani ni kitu kimoja.

Na jina la mahali lenyewe! Maji ya Chai. Mto wa pale una maji yenye rangi ya chai, watu wakaupa jina kwa walichokiona. Mimi nimepita pale mamia ya mara, nimeshuka kununua ndizi, sijawahi kujiuliza maji hayo yanafanya nini kwenye kikombe.

Kosa lilikuwa wapi

Nimeulizwa kama kosa ni la dada kuonjea nyumbani. Hapana. Tulimruhusu, na alifuata kila kitu tulichomfundisha. Hatukumfundisha maji kwa sababu sisi wenyewe hatukujua kwamba maji ni sehemu ya uhakiki.

Naliona kosa kubwa mahali pengine kabisa. Tulimpima mgeni kwa kulingana na sisi. Kipindi chote cha penseli tulikuwa tukiangalia jambo moja: je, namba yake inafanana na zetu? Inafanana, basi ni mwonjaji. Haifanani, basi ni mchanga au ametumwa. Kwa kipimo hicho, mtu wa maana kuliko wote ni yule anayechungulia daftari kwelikweli. Na yule anayekuja na habari mpya, tunamfuta kwa wino mwekundu.

Maneno yake yalikuwa na kila kitu. Unga mkavu unanukia: maana yake kahawa ni nzima na haijachakaa. Mdomoni haipo: maana yake kitu kimetokea baada ya maji kuingia. Ukwaju uliotiwa magadi: hapo amekitaja kitu chenyewe, bila hata kujua anakitaja. Mganga angepewa maelezo ya mgonjwa namna hiyo angeshukuru. Namba 4 peke yake haikuwa na lolote la kusema, na ndiyo pekee tuliyoisikiliza.

Kuna nukta nyingine ambayo wenzangu wa Moshi hawaipendi. Nane yetu nayo ilishuka. Vikombe vilipofichwa, kahawa ileile kwenye maji yaleyale ilipata wastani wa 7. Hiyo 1 iliyopungua ni nusu kilo ya bure na kicheko cha mama. Naipenda kahawa yake, na 7 si haba. Lakini kama dada alikosea kwa sababu ya maji asiyoyajua, sisi tulikosea kwa sababu ya zawadi tuliyoijua vizuri.

Baada ya pale

Ugomvi mkubwa ukawa: ile 4 ifutwe? Muuguzi alitaka ukurasa uchanwe, dada aandike upya. Fundi akakataa katakata, nami nikawa upande wake. Kikombe alichokinywa dada siku ile kilikuwa cha 4, na watano wetu tumethibitisha. Tukauacha ukurasa ulivyo, nikaandika chini yake tarehe ya marudio, maji yaliyotumika, na alama zote 15. Maneno yangu mekundu nayo yapo. Nilitaka kuyafuta kwa wino mweupe, dada akasema yaache.

Siku hizi ukurasa unaanza na mistari mitatu kabla ya harufu: maji yametoka wapi, kahawa imelipiwa na nani, umeonjea wapi. Mgeni anapokuja tunampa kahawa na chupa ya maji yetu. Bado anaandika kwa penseli vikao viwili, ila sasa mimi nasoma maneno yake na namba naifunika kwa kiganja.

Ya hoteli haikwenda kama nilivyotarajia. Niliwaandikia nikieleza kisa chote, nikidhani watasema kumbe kahawa ni nzuri, tuleteeni. Wakajibu kwa adabu kwamba hoteli ina kisima chake, na kahawa ya wageni inapikwa kwa maji hayo. Yaani kwao ile 4 ndiyo iliyokuwa uhakiki wa kweli. Nane yetu ya Moshi isingewasaidia chochote, ingewapa hasara.

Nilipompelekea mama jibu hilo nilidhani atakata tamaa. Akafikiri kidogo, akauliza, "Maji yao yanakula uchachu?" Ndiyo, mama. "Basi niwape uchachu mwingi, maji yakishaula ubaki wa kutosha." Akakaanga fungu jipya, akaliepua mapema, mara tu baada ya mlio wa kwanza wa buni kupasuka, likiwa bado na rangi ya mdalasini. Kahawa iliyoepuliwa mapema hubaki na asidi zaidi. Dada akaionja kwa maji ya kisima, akaandika 6, "chungwa limerudi, la mbali." Mwalimu akaionja kwa maji ya Moshi, akaipa 5 na kusema ni kama kutafuna limao na ganda lake. Hoteli ikachukua kilo 5 za majaribio. Mpaka naandika haya hawajasema ndiyo wala hapana.

Mwalimu na dada? Mzee hakutamka neno samahani, na sikutegemea alitamke. Kikao kilichofuata alimmiminia yeye kikombe cha kwanza, kabla ya wote, akamwita "mwanangu" badala ya "huyu binti". Dada akapokea kwa mikono miwili. Kisha, vikombe vilipokuwa vinaoshwa, nikamsikia mzee anamnong'oneza kama ataweza kumletea dumu moja la yale maji kila mwezi, maana mke wake kasikia habari za makande.

"Mwalimu, yale maji yanaharibu meno," dada akamwambia.

Mzee akafungua kinywa, akayagonga kwa kucha. Ya bandia yote, juu na chini.

"Lete," akasema.